Ubao wa Karata Kwenye Ngazi za Columbus

Barua ilipotufikia mwaka jana kutoka kwa mpwa wetu aishiye Columbus, katika jimbo la Ohio, Marekani, tulidhani ni habari za kawaida: watoto wamefaulu, baridi imezidi, nyumba inahitaji paa. La. Alikuwa na swali, na swali lenyewe lilikuwa limezua mtafaruku baina yake na mkewe. Alikuwa amenunua ubao wa mchezo uitwao pinboli, akataka kuutia taa na kuutundika sebuleni kama pambo. Mkewe alikataa kata kata. Kila mmoja alikuwa ameona hoja yake ni bora, na wote wawili wakakubaliana kwa jambo moja tu: kwamba mjomba aulizwe.

Twaungama kwamba siku ile hatukuijua pinboli isipokuwa kwa kuiona kwenye filamu. Basi kabla ya kujibu tulisoma, tukauliza, na Mola alipojaalia safari ya kwenda kuwazuru miezi michache baadaye, tuliuona ubao wenyewe kwa macho yetu na, kwa bahati mbaya, tukaugusa kwa mikono yetu. Habari ya mikono itafika mahali pake.

Msomaji mpenzi asiyeijua mashine hii na afikirie meza yenye miguu minne, iliyoinamishwa kidogo kuelekea kwa mchezaji, na juu yake kioo. Chini ya kioo mna ubao uliopakwa rangi za kuvutia. Mchezaji huvuta fimbo yenye springi, akaiachia, na mpira wa chuma wenye uzito wa gramu 80 hivi hupanda hadi juu kisha huteremka ukigonga viguzo, raba na shabaha, huku taa zikiwaka na kengele zikilia. Chini kabisa mna vibawa viwili vidogo ambavyo mchezaji huvirusha kwa kubonyeza vitufe pembeni, ili mpira usianguke shimoni. Ubao huo, yaani kiwanja ambacho mpira huzunguka, ndio uliokuwa mzozo wa nyumba ile.

Asili ya mchezo huu ni Ufaransa ya karne ya 18, ambako watu waungwana walisukuma vigololi kwa fimbo juu ya meza yenye misumari. Lakini fimbo ya springi, ambayo ndiyo iliyouzaa mchezo wa leo, ilipata hataza mwaka 1871 kwa jina la Montague Redgrave, Mwingereza aliyehamia Cincinnati. Cincinnati iko Ohio, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka kwa mpwa wetu. Yeye mwenyewe hakuwa akilijua hilo hadi tulipomwambia, na tulijiona wajanja kwa siku nzima.

Mwaka 1931, Marekani ikiwa imezama katika mdororo mkubwa wa uchumi, David Gottlieb wa Chicago alitoa mashine ndogo ya kuwekwa juu ya kaunta, iitwayo Baffle Ball. Mtu asiye na kazi aliweza kutoa senti moja akajisahaulisha shida kwa dakika chache. Muda si mrefu ikatoka Ballyhoo ya Raymond Moloney, na kampuni ya Bally ikapata jina lake humo. Chicago ikawa kitovu cha biashara hiyo, na imebaki hivyo kwa sehemu kubwa hadi zama zetu.

Sasa hapa ndipo mke wa mpwa wetu alipokuwa na hoja, na hoja yake ilikuwa nzito kuliko alivyojua mumewe. Mashine za mwanzo hazikuwa na vile vibawa. Mchezaji akishauachia mpira, hakuwa na la kufanya ila kutikisa meza na kuomba. Na hata kutikisa kukazuiliwa pale Harry Williams alipobuni kifaa cha timazi kinachoukata mchezo meza ikiinamishwa kupita kiasi. Na mashine nyingi zilitoa fedha. Mpira ukiingia shimo fulani, sarafu zilimwagika. Hiyo ni kamari, na hapana haja ya kutafuta jina lingine.

Wakuu wa miji hawakungoja fatwa ya mtu. Los Angeles iliipiga marufuku mwaka 1939. Mwaka 1942 Meya wa New York, Fiorello LaGuardia, aliamuru mashine zisakwe madukani na kwenye vilabu, zikakamatwa kwa maelfu, na meya mwenyewe akapigwa picha akizivunja kwa nyundo kubwa. Hata Chicago, mji uliozitengeneza na kuzisafirisha kila pembe, uliwakataza wakazi wake kuzichezea kwa miaka mingi. Twafikiri jambo hilo lastahili kutafakariwa: mji unaouza kitu ambacho hautaki watoto wake wakiguse.

Kilichobadili mambo ni vibawa. Mwaka 1947, fundi Harry Mabs wa kampuni ya Gottlieb alivitia katika mashine iitwayo Humpty Dumpty, sita kwa pamoja, vitatu kila upande. Mwaka uliofuata Steve Kordek, katika mashine iitwayo Triple Action, akaona viwili tu vya chini vyatosha. Tangu hapo mchezaji akawa na mkono katika matokeo. Aliyezoea aliweza kuuweka mpira hai kwa dakika nyingi. Asiyezoea aliupoteza mara moja. Lakini sheria huenda polepole kuliko mafundi, kwa hiyo marufuku ziliendelea. Mwaka 1974 Mahakama Kuu ya California iliamua kwamba pinboli ni mchezo ambao ustadi umeushinda ubahatishaji. New York ilingoja hadi 1976, na kisa chake chafurahisha. Mwandishi kijana aitwaye Roger Sharpe aliletwa mbele ya kamati ya baraza la mji pamoja na mashine. Akacheza, lakini madiwani hawakushtuka. Ndipo akasema kwamba atauvuta mpira ule upite njia ya katikati huko juu. Akavuta, nao ukapita pale pale aliposema. Marufuku ikaondolewa. Sharpe mwenyewe baadaye alikiri kwamba siku ile bahati ilimsaidia sana! Basi mchezo ulitakaswa na tuhuma ya kubahatisha kwa pigo ambalo lenyewe lilikuwa na bahati ndani yake. Hatutaongeza neno.

Turudi kwenye ubao. Ni wa mashine ya miaka ya 1970, uliotengenezwa Chicago, wenye urefu wa zaidi ya mita moja na upana wa nusu mita kwa makadirio. Ni wa plaiwudi ya mbao ngumu. Michoro yake ilichapwa kwa kupitisha rangi katika kitambaa kilichokazwa kwenye fremu, rangi moja baada ya nyingine, kisha ikafunikwa kwa vanishi. Na michoro hiyo ni karata: shupaza, uru, pau na kopa, pamoja na mfalme na malkia wenye nyuso kali. Kampuni za Chicago zilipenda mno michoro ya karata.

Mpwa wetu aliupata kwa mzee mmoja mtengenezaji wa mashine hizo. Mzee alikuwa ameuondoa katika mashine aliyoihuisha, akatia ubao mpya badala yake, na huu wa zamani ukabaki ukiegemea ukuta wa banda. Twalitaja hili kwa sababu wapenzi wa pinboli wana adabu yao, na ni adabu nzuri: hawaungi mkono mtu kuvunja mashine nzima inayofanya kazi ili apate pambo. Ubao wa kutundikwa ni ule uliochakaa, ulioachwa yatima na mashine yake. Sisi watu wa pwani tuna jeraha linalofanana na hilo. Tumeziona nyumba za kale zikibaki na mapengo baada ya milango yao ya nakshi kuuzwa, na milango ikaenda kuwa meza za kahawa katika nyumba za mbali. Mwenye kununua hufurahi. Mwenye kupita kando ya pengo hasemi kitu.

Sasa kazi yenyewe. Mpwa wetu ana kijana wa miaka 14, mwenye maneno machache na vidole vyepesi, na kwa hakika yeye ndiye aliyekuwa fundi. Baba alikuwa mbeba tochi.

Ukiugeuza ubao wa pinboli uso chini, utastaajabu. Juu ni sherehe, chini ni msitu: koili, swichi, nyaya zilizovikwa nyuzi za rangi, na soketi za taa kadhaa wa kadhaa zilizopigwa skrubu au stepo kwenye mbao. Kila soketi imekaa nyuma ya kidirisha cha plastiki cha rangi kilichopachikwa ndani ya ubao, ama imesimama kuelekea juu ili kumulika uso wa kiwanja. Taa za asili ni globu ndogo za waya unaochomeka, za volti 6.3. Aina moja maarufu hula miliampea 250, nyingine 150. Zahesabike ndogo, lakini hesabu taa 35 za aina ile ya kwanza: utapata wati 55, na sehemu kubwa yake ni joto. Joto hilo, likiwaka mwaka nenda mwaka rudi, hukausha gundi ya vidirisha, hupinda plastiki na kuiacha mbao nyuma yake na rangi ya mkate uliokaribia kuungua.

Hapo ndipo taa za LED zinapoleta rehema. Taa hizi hazichomi waya. Ni chembe ya kitu nusu-kipitishi inayotoa nuru mkondo ukipita ndani yake. Ile nyekundu ilionyeshwa na Nick Holonyak mwaka 1962 nchini humohumo Marekani. Ile ya buluu iliwasumbua wataalamu kwa miongo mitatu, hadi Wajapani Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipoipata, nao wakatunukiwa Nobeli ya fizikia mwaka 2014. Bila ya buluu tusingekuwa na nyeupe, maana nyeupe tunayoitumia majumbani aghalabu ni buluu iliyopakwa unga wa njano. Globu za LED zenye kitako kilekile cha zamani huuzwa tayari, hula miliampea 30 hivi kila moja, na ubao mzima wa taa 35 hauzidi wati 7. Mtu aweza kuuweka mkono wake nyuma ya ubao baada ya saa tatu asihisi kitu.

Kijana alikuwa na njia mbili mbele yake. Ya kwanza ni kung'oa kila kitu cha chini, kusafisha mgongo wa ubao, na kubandika utepe wa LED zile ambazo kila moja hupokea amri yake kutoka kwenye kidude kidogo cha kompyuta. Kwa njia hiyo taa hufuatana, hubadili rangi, hucheza. Ni njia ya kupendeza, na ubao huwa mwepesi. Ya pili ni kuziacha soketi za asili na nyaya zake, na kubadili globu tu. Alitaka ya kwanza. Kisha akauangalia ule msitu wa nyaya kwa jioni mbili, akaona namna nyaya zilivyofungwa kwa uzi, fundo baada ya fundo kwa mkono wa mtu, akasema hatazikata. Hatukumshauri. Tulikuwa tumekaa tu na kikombe cha chai.

Kwa wasomaji wetu mafundi, na twajua mpo, utaratibu ulikuwa hivi. Soketi zote kwa upande mmoja zimeunganishwa na waya mtupu uliopigwa stepo kutoka soketi hadi soketi. Upande wa pili, taa za kumulika kiwanja zina waya wao mmoja wa pamoja, na taa za kuonyesha alama zina kila moja waya wake uliokwenda kwenye mitambo ya mashine. Mitambo haipo tena. Kwa hiyo kijana alizikusanya nyaya hizo za mwisho, akazilehemu pamoja, na taa zote zikawa na njia mbili tu: ya kwenda na ya kurudi. Akatia kichaji cha volti 6 chenye mkondo ulionyooka, cha ampea 2, na fyuzi ndogo kwenye njia. Transfoma ya zamani ya mashine haikuguswa wala haikutakiwa. Upande wake mmoja hupokea umeme wa ukutani, na kitu hicho si cha kuning'inia nyuma ya pambo wapitapo watoto. Kwao umeme ni volti 120, kwetu ni 240, lakini vichaji vya siku hizi aghalabu hukubali vyote viwili, na mtu asome maandishi ya mgongoni kabla ya kuchomeka.

Alipowasha mara ya kwanza, taa 11 zilibaki gizani. Twaitaja nambari kwa sababu aliihesabu kwa sauti. Baadhi zilikuwa za aina isiyojali upande. Nyingine zilijali, zikageuzwa zikawaka. Zilizobaki zilikuwa na kutu ndani ya soketi, akazisugua kwa msasa mwembamba. Soketi mbili zilikuwa zimelegea ubavuni, na hizo alizilehemu.

Rangi nazo zina fiqhi yake. Kidirisha chekundu hupitisha wekundu na kuzuia mengineyo. Ukiweka nyuma yake LED ya buluu, huoni kitu, kwa kuwa taa ya buluu haina wekundu wa kumpa. Globu za zamani zilikuwa na kila rangi kwa kiasi, zikielemea njano, ndiyo maana zilifaa kote. Kijana alitumia nyekundu nyuma ya nyekundu, na nyeupe ya joto nyuma ya njano na nyeupe. Nyeupe ya baridi aliijaribu, ikaufanya ubao uonekane kama zahanati. Tatizo jingine ni kwamba LED ni chembe moja, hivyo kidirisha huonyesha kitone kikali katikati na giza pembeni. Alichagua globu zenye kichwa cha ukungu, na mahali ambapo hazikutosha alibandika kipande cha karatasi ya kufuatishia michoro. Nuru ikatawanyika.

Sasa habari ya mikono yetu.

Siku ya tatu ya ziara, baba kazini na kijana shuleni, tuliuona ubao umelala mezani ukiwa na vumbi la miaka, na weusi wa grisi na unga wa raba. Tukasema moyoni kwamba mgeni asile bure. Tukachukua bakuli la maji ya sabuni na kitambaa, tukaanza kufuta. Sehemu kubwa ikang'aa vizuri. Tulipofika katikati, kwenye kidirisha kilichokuwa chini ya mchoro wa kopa, kitambaa kilikwama kidogo, tukasukuma. Tulipokiinua, ncha ya kopa ilikuwa kwenye kitambaa. Kipande cha rangi nyekundu chenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, na ukingo mweusi kando yake, vimebanduka kama gamba la samaki. Mahali pake pakawa mbao tupu.

Baadaye tuliambiwa sababu. Mbao huvuta unyevu ikavimba, ikakauka ikanywea. Plastiki ya kidirisha haifanyi hivyo. Baada ya miaka mingi rangi iliyopita juu ya mpaka wa vitu hivyo viwili hupasuka, nyufa zisizoonekana kwa jicho la mzee. Maji huingia humo na kuinyanyua. Wajuzi husafisha kwa nafta, ile ya kujazia viberiti, kwa pamba ndogo, madirisha wazi na bila moto karibu. Nao huanza kwenye pembe iliyofunikwa isiyoonekana, kisha hukwepa kila mahali penye ufa. Wengine hawasafishi kabisa mpaka waufunike ufa kwa vanishi safi. Maji ya sabuni hayamo katika orodha ya mtu yeyote.

Tungeweza kunyamaza. Ubao ulikuwa umechakaa tayari, na alama moja zaidi nani angeijua? Lakini kijana alikuwa ameupiga picha kila inchi kabla ya kuanza, kama ilivyo desturi ya kizazi chao, na hata asingeupiga. Tulikaa na kile kitambaa tangu adhuhuri hadi basi la shule liliposimama nje.

"Babu, umeusafisha?" aliuliza akiingia, kwa furaha.

Tukamwonyesha. Aliinama akatazama kwa muda mrefu kuliko tulivyopenda. Kisha akakichukua kitambaa, akakiinua kile kipande kwa ncha ya wembe, akakiweka ndani ya kibati cha skrubu. "Haina neno, babu," alisema, kwa sauti ya mtu ambaye ina neno. Jioni hiyo hakula pamoja nasi. Mama yake alisema ana mtihani.

Tulilala vibaya. Mtu aliyeichora ile kopa yamkini hayupo duniani. Fundi wa kiwandani asiyeandikwa jina popote, aliyekaza kitambaa, akapitisha rangi, akaweka ubao kando ukauke, akashika mwingine. Ubao ulikaa zaidi ya miaka 40 ukipigwa na mpira wa chuma na ncha ile haikubanduka. Ilitungoja sisi na wema wetu.

Kuhusu mzozo wa sebuleni, tulikuwa tumekwisha kumwandikia mpwa wetu jibu kabla ya safari. Tulisema kwamba wanazuoni hupima mambo kwa makusudio yake. Kwamba ubao usio na mpira, usio na tundu la sarafu, usio na mchezaji, si chombo cha kamari tena, kama vile mtungi uliokauka si kinywaji. Kuhusu nyuso za mfalme na malkia tulimwambia ajue kwamba wanavyuoni wametofautiana juu ya picha, na ajiepushe na shaka chumbani mwa kusalia. Tulidhani tumesema vyema. Mpwa wetu alilisoma jibu mbele ya mkewe kama mtu aliyeshinda kesi.

Tulipofika tu ndipo tulipojua ambalo barua haikulitaja. Binti yule ana kaka yake Mombasa. Alikuwa na duka. Alianza kucheza kamari za mpira kwa simu, shilingi 50, shilingi 100, kila siku akiwa karibu kushinda, hata karo ya wanawe ikaondoka, kisha bidhaa za duka, kisha duka. Dada yake wa Columbus ndiye aliyelipa karo kwa miaka miwili, kwa zamu za usiku. Alitusimulia haya jikoni akikuna nazi, bila kutuangalia.

"Mjomba," alisema, "mimi najua ule ni ubao tu. Lakini kila nikiziona zile karata na taa zinawaka, naiona simu ya kaka yangu usiku."

Hatukuwa na jibu la fiqhi kwa hilo. Hukumu yetu ilikuwa sahihi kwa ubao, lakini tulikuwa tumeutolea ubao hukumu na kumsahau mwenye nyumba. Na kwa kuwa tulikuwa tumesoma historia ya mashine hizi, tulijua pia kwamba taa zile hazikuwekwa bure. Ziliwekwa ili mtu atoe sarafu nyingine. Zile za kwenye simu zimejifunza kwa hizi. Tulimwita mpwa wetu barazani, maana wana kibaraza kidogo mbele ya nyumba, tukamwambia kwamba tumebadili ushauri: ubao usitundikwe sebuleni. Hakufurahi. Alisema mjomba amegeuzwa kwa nazi ya kukuna. Tukamwambia huenda.

Mahali palipopatikana ni ngazi za kuteremka chumba cha chini, ambako kijana hufanyia kazi zake. Mama alilichagua mwenyewe, na akatoa sharti: mlango wa juu uwepo, ufungwe. Ukuta wa kule ni wa jasi, mtupu ndani, wala haubebi kitu. Ilibidi zitafutwe nguzo za mbao zilizofichwa nyuma yake, ambazo huwa zimepangwa kila baada ya sentimita 40 hivi. Ubao pamoja na koili zake ni mzigo wa watu wawili. Walitumia vipapi viwili vilivyopasuliwa kwa mshazari, kimoja kimepigwa skrubu kwenye nguzo na kingine mgongoni mwa ubao, kimoja kikakalia kingine. Kwa kuta zetu za mawe ya matumbawe mtu angehitaji keekee na vizibo vya ukutani, na angezingatia chumvi, maana chumvi ya pwani huila skrubu ya kawaida kabla ya mwaka kwisha.

Usiku wa mwisho wa ziara taa ziliwashwa. Tulisimama ngazini wote wanne, mmoja juu ya mwingine kwa sababu nafasi ni finyu. Rangi zilitoka kwenye giza taratibu, maana kijana alikuwa ametia swichi ya kupunguza na kuzidisha nuru. Zile karata zilionekana zimechoka na nzuri. Mama alikaa kwenye kidato cha juu, mlango ukiwa wazi nyuma yake, akatazama, kisha akaenda kuandaa chakula. Hakusema kwamba amependa, wala hatukumuuliza.

Tulikitafuta kidonda chetu, tukakiona. Tulidhani kijana angekibandika kile kipande cha kopa au angepaka rangi juu yake. Alikuwa na rangi nyekundu na brashi nyembamba za kutosha. Hakufanya hivyo. Aliziba mbao kwa vanishi isiyo na rangi ili ufa usiendelee, akaacha. Tulipomuuliza kwa nini, alisema rangi mpya isingelingana, na ingeonekana uongo. Kile kipande bado kimo ndani ya kibati cha skrubu.

Wiki iliyopita ametuandikia kwamba taa moja ya upande wa kulia, karibu na malkia, inawaka na kuzimika yenyewe. Tumemwambia akaze soketi, na asiisafishe kwa maji.